Mla Pojo Naye ni Mteja

Msafiri atokaye Kibwezi kwenda Kitui, akishauvuka mto Athi na kuipita Ikutha, hufika Mutomo akiwa na njaa. Zamani, barabara ilipokuwa ya changarawe, alifika pia akiwa amepakwa vumbi jekundu toka utosini hadi kwenye nyayo. Lami imemwondolea vumbi, lakini njaa iko palepale. Nami nasema bila ya kusita kwamba katika mji huu mdogo wa Kitui Kusini, mtu mwenye shilingi chache mfukoni anaweza kula chakula ambacho wakubwa wengi wa Nairobi hawakipati. Ila namna anavyopewa chakula hicho ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Siku moja ya kufunga shule niliketi katika banda moja la chakula sokoni. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si la banda lile peke yake. Ni banda refu lililoezekwa mabati. Ndani yake akina mama watano wamegawana nafasi, kila mmoja na meko yake na sufuria zake, na wateja wao wote huketi pamoja kwenye mabenchi yaliyo katikati. Hakuna nyama inayopikwa mle. Si kwamba akina mama hao wameapa kutoigusa, wala hawajapata habari za Waingereza wachache ambao mwaka 1944 waliunda chama cha watu wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sababu ni nyepesi: wenye bucha wako ng'ambo ya barabara, na kila mmoja ameridhika na upande wake wa riziki. Hata mafuta wanayokaangia ni ya mimea. Mtu aliyejinyima kila kitu kitokacho kwa mnyama anaweza kula pale juma zima bila ya kuvunja nadhiri yake, mradi tu ajiepushe na chai ya maziwa.

Niliagiza muthokoi na pojo. Kwa wasomaji wa mbali wasioujua muthokoi, ni mahindi makavu yanayonyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni hadi ganda la nje likavuka, yakapetwa, kisha yakachemshwa polepole pamoja na kunde, maharagwe au mbaazi. Punje inayobaki ni nyeupe na laini, wala haikwaruzi koo kama ile ya githeri, chakula ambacho Wakamba hukiita isyo na ndugu zetu wa Tanzania hukiita makande. Siku hizi mashine za kukoboa zimewapumzisha wanawake wengi mchi, lakini kazi ya kuchagua, kupeta na kukesha na moto bado ni ya mikono. Mama niliyemwagizia alikuwa ameuinjika muthokoi wake alfajiri. Mbaazi zilikuwa zimeiva hadi zikaanza kuachia rojo, na muthokoi wenyewe umelifyonza rojo hilo pasipo kulainika kupita kiasi. Jambo hilo ni gumu kulifanikisha kuliko wadhanivyo wale ambao kazi yao ni kula tu.

Pojo nazo, ambazo sisi huziita ndengu na wengine choroko, zilikuwa nzito, zimeungwa kwa vitunguu na nyanya, na juu yake zimenyunyizwa dhania mbichi. Kando palikuwa na majani ya kunde yaliyochemshwa yakakaangwa kidogo, yenye ule uchungu mwembamba ambao mtu aliyekulia ukame huutambua hata akifumba macho. Walimu wa biolojia wanielewe nikisema kwamba sahani ile ilikuwa somo zima. Pojo kavu hubeba protini inayokaribia robo ya uzani wake. Mahindi hupungukiwa na asidi ya amino iitwayo laisini, nazo mbegu za jamii ya kunde hupungukiwa na methionini. Ukivichanganya viwili hivi katika chungu kimoja, kila kimoja hujazia pengo la mwenziwe. Bei yake haikufika shilingi mia mbili.

Basi hayo ndiyo mazuri, na sijayatia chumvi.

Niliketi saa saba kasoro robo. Sahani yangu ilinifikia saa nane kasoro dakika tano, ilhali sufuria ilikuwa ikitoa mvuke hatua nne tu kutoka pale nilipokuwa. Wahudumu walikuwa wawili, msichana na mvulana, wakiwatumikia mama wote watano na wateja wasiopungua arubaini. Meza ilipanguswa kwa kitambaa kilichoongeza uchafu badala ya kuupunguza. Hakuna aliyesema karibu. Nilipouliza pa kunawia mikono, nilionyeshwa bomba kwa kidevu. Nilipouliza kwa mara ya pili habari ya muthokoi wangu, yule msichana alifyonza kwa nguvu hata majirani wakageuka.

Ningeweza kuyasamehe yote hayo kwa hesabu ya wingi wa watu na uchache wa mikono, lau si mambo mawili niliyoyashuhudia kwa macho yangu.

La kwanza ni la bwana mmoja mwenye kofia ya kaubói, aliyeingia nikiwa nimekwisha kungoja kwa nusu saa. Huyu hakutaka pojo wala muthokoi. Alitaka nyama choma, naye akataka kuilia papo hapo kivulini. Yule mvulana alivuka barabara mbio, akaagiza buchani, akarudi na habari kwamba iko motoni, akavuka tena, akaileta juu ya ubao ikiwa imekatwakatwa, na chumvi na pilipili na kachumbari kando yake. Kisha, lo! yakaja maji ya vuguvugu ndani ya jagi, na sabuni, na beseni, bwana yule akanawishwa mikono pale pale alipoketi. Kumbe maji yapo, na sabuni ipo, na miguu yenye mbio ipo. Vyote vilikuwa vikimngoja mla nyama.

La pili ni la msichana wa shule. Alikuwa amevaa sare, sanduku lake la bati liko miguuni, na alikuwa akingoja gari la Mutha. Anayeijua njia ya Mutha anajua kwamba gari likikuacha hujui utalala wapi. Aliagiza pojo na chapati moja, akalipa kabla ya kula kwa sarafu alizozihesabu mara mbili. Alingoja. Aliuliza kwa adabu, akaambiwa, "Kwani ni wewe peke yako mwenye njaa?" Akanyamaza. Hatimaye sahani ilitupwa mbele yake kwa kishindo hadi rojo likamrukia kwenye mkono wa sweta, na pale pale honi ya gari ikalia. Aliitazama sahani, akatazama mlango, akakunja chapati mkononi, akabeba sanduku lake na kutoka mbio. Pojo zilibaki mezani zikitoa mvuke. Hakuna aliyezila, na hakuna aliyekumbuka kwamba zilikuwa zimelipiwa.

Hapo nilishindwa kustahimili. Nilimwita yule mhudumu na kumkemea kwa sauti ambayo miaka mingi ya ubaoni imenizoesha. Nilimwambia kwamba mtoto yule ni mteja kama mteja mwingine yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni, wala hakunijibu kwa ufedhuli. Alisema hivi: "Mwalimu, mimi nilikula githeri ya shule miaka minne. Hakuna siku hata moja mtu alinipakulia akaniambia karibu."

Akaenda zake kuchukua vyombo. Nami nikabaki na muthokoi wangu, ambao ghafla ulikuwa mgumu kumeza.

Nakiri kwamba kabla ya jibu hilo nilikuwa nimekwisha kuipanga makala hii kichwani kwa namna nyingine. Nilikusudia kuandika juu ya mafunzo. Tangu mwaka 1975 nchi yetu ina Chuo cha Utalii jijini Nairobi, ambako vijana hufundishwa namna ya kumkaribisha mgeni, upande wa kuweka uma na upande wa kuweka kisu, na jinsi ya kuondoa sahani pasipo kumkera mlaji. Waliofuzu huko wameiletea Kenya sifa kubwa. Lakini kwa fikira za wengi wetu huduma imekuwa ni kitu anachostahili mgeni aliyekuja kutazama ndovu wa Tsavo, si mkulima wa Ikanga aliyekuja sokoni kuuza mbuzi. Nilitaka kusema hivyo, na bado naamini kuna ukweli ndani yake.

Nilikusudia vilevile kuandika juu ya ujira. Katika jedwali la mishahara ya chini kabisa linalotolewa kwa mujibu wa sheria za kazi, mhudumu wa mezani na mpishi wamewekwa kundi moja na mchimba migodi, mkata mawe na utingo wa lori. Wengine hucheka wakilisikia hilo. Mimi naona aliyelipanga jedwali lile aliwahi kusimama kutwa nzima kwa miguu yake, au walau alioa mtu aliyesimama. Tatizo ni kwamba jedwali hilo halifiki chini ya mabati ya Mutomo. Nilipodadisi niliambiwa kwamba wahudumu wale wawili hupewa chakula na kitu kidogo jioni, kutegemea mauzo yalivyokuwa, huku wenye bucha wakimwachia yule mvulana chochote kwa kila kilo anayoiuza. Mbio zake za kuvuka barabara zinaeleweka basi. Kijana hakimbilii nyama kwa kuwa ana roho mbaya. Anakimbilia palipo na malipo.

Lakini maelezo haya ya fedha hayatoshi, na msichana yule alinionyesha kwa nini hayatoshi. Maji ya kunawa hayana bei. Neno karibu halina bei. Kwa nini mama mwenye pojo, ambaye riziki yake yote iko katika sufuria ile, hamwambii mhudumu amheshimu mla pojo?

Jibu nililipata nilipokwenda kumlipa. Nilimsifu kwa chakula chake, nikamwambia, "Mwaitu, umepika." Aliona haya. Akasema, kana kwamba anaomba radhi, "Ah, mwalimu, ni muthokoi tu."

Walimu wenzangu wa Kiswahili, tulitazame neno hilo tu, ambalo vitabu vya sarufi hulitolea mistari miwili na kulipita. Tunasema ni pojo tu. Tunasema tulikula githeri tu, sukuma wiki tu. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba jana kwake waliandaa nyama tu, isipokuwa anayelalamika kwamba ugali ulikosekana. Silabi hiyo moja imebeba hukumu kamili: kwamba chakula kilichotoka shambani mwetu ni chakula cha anayekosa kingine. Na ukishakubali hukumu hiyo, mengine yote hufuata. Anayekila hana budi kukila, basi ataungoja tu. Na asiye na pa kwenda hahitaji kubembelezwa.

Hukumu hiyo haikuzuka hivi hivi. Ukambani miaka ya njaa ina majina, na wazee huhesabu umri wao kwa majina hayo. Njaa ya karibu na mwaka 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa nikiwa nazo mkononi, kwa kuwa watu walikuwa na fedha lakini dukani hapakuwa na cha kununua. Mwaka 1984 ukame ukarudi, na mahindi ya manjano yakaletwa nchini kwa meli, nayo hadi leo hutajwa kwa kukunja pua. Ni katika miaka hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1980, ambapo Shirika la Chakula Duniani lilianza kushirikiana na serikali kuwalisha watoto wa shule katika sehemu kame, mpango ambao serikali iliuchukua wote mikononi mwake mwaka 2018. Sikebehi mpango huo. Wako watu wazima wanaoshika madaraka leo waliobaki darasani kwa ajili ya sahani ile ya saa sita. Lakini kizazi baada ya kizazi cha watoto wetu kilijifunza kwamba mahindi na maharagwe ni kitu kinachokuja kwa lori, kinachopimwa kwa kikombe, na ambacho mwenye adabu hukipokea akiwa kwenye foleni na kushukuru.

Taifa zima lilishuhudia jambo hilo kwa njia ya mzaha mwezi Agosti 2017, picha ya mpiga kura mmoja wa Nairobi ilipoenea, akila githeri kutoka kwa mfuko wa plastiki huku akingoja zamu yake ya kupiga kura. Nchi ilicheka, akapewa zawadi, na kabla ya mwaka kwisha akatunukiwa nishani ya serikali. (Majuma matatu baada ya picha ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, githeri ilinusurika.) Kicheko kile kilikuwa cha upendo, sikatai. Hata hivyo najiuliza: angekuwa anakula kuku, nani angepiga picha?

Na wala si lazima iwe hivi. Mombasa, mahamri na mbaazi za nazi ni staftahi ya heshima. Mwenye nyumba huwaandalia wageni wake pasipo kuomba radhi, na mkahawa unaozipika vyema hujaa watu wa kila tabaka kabla ya jua kupanda. Mbaazi ni zile zile zinazokaushwa juu ya mawe ya Mutomo. Kadhalika Wakenya wenye asili ya Gujarati, ambao wengi wao dini yao imewakataza nyama, wana mikahawa Nairobi na Mombasa ambamo mlaji huketi mbele ya sinia lenye vibakuli, na wahudumu hupita kila mara wakimwongezea dengu na mboga hadi afunike sinia kwa kiganja na kusihi kwamba ameshiba. Hakuna kipande cha nyama mle, na hakuna mtu anayesema ni dengu tu.

Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia nao hujizuia kula nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na katika Kwaresima yao inayozidi siku hamsini. Ungedhani siku hizo ni za huzuni mezani. Nenda katika mkahawa wowote wa Kihabeshi hapo Nairobi siku ya Ijumaa, utaletewa sinia pana lililotandazwa injera, na juu yake vilima vya dengu, kabichi, viazi na mboga za majani, kila kimoja na rangi yake. Desturi yao ni kwamba mwenyeji humega tonge la kwanza na kumtia mgeni wake kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tuliomtupia msichana wa Mutha sahani yake, tunaweza kutafakari tonge hilo.

Nasema sisi, wala sikosei. Turudi kwa jibu la yule mhudumu, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Alijifunza wapi kupakua? Hakupita Chuo cha Utalii. Alijifunza katika bwalo la shule yetu, mara mbili kwa siku, kwa miaka minne. Walimu tuliozunguka zamu tunalijua bwalo. Kuna dirisha dogo lililokatwa ukutani. Nyuma yake kuna mtu mwenye upawa, ambaye humwoni uso vizuri kwa mvuke. Mbele yake kuna watoto mia tatu wenye dakika arubaini za kula, kuosha sahani na kurudi darasani. Upawa huingia, hutoka, huangukia sahani. Anayekawia hupigiwa kelele. Anayeuliza kama maharagwe yamekwisha huambiwa akamwulize baba yake. Mwenye bahati huambulia punje, mwenye mkosi huambulia maji. Chakula chenyewe mara nyingi si kibaya, maana mpishi wa shule naye ni mtoto wa hapa hapa na anaijua kunde. Kasoro iko pale dirishani.

Nasi walimu tuko wapi wakati huo? Tuko katika chumba cha walimu. Chakula chetu huja kwa sufuria yake, na mara nyingi kina chapati na nyama kidogo, na huletwa na mtu abishaye hodi mlangoni. Hakuna mtoto asiyeijua harufu inayotoka katika chumba hicho saa saba. Tunafundisha asubuhi kwamba watu wote ni sawa, kisha saa saba tunafundisha, pasipo kufungua kinywa, kwamba maharagwe ni ya walio chini na kwamba aliye juu huletewa. Somo la pili halina mtihani, lakini sijaona mwanafunzi aliyelianguka.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulikuwa na Sayansi Kimu, na watoto walifundishwa kuandaa meza katika vitabu. Waliandika jibu sahihi kuhusu mahali pa glasi, kisha wakaenda dirishani wakapigiwa kelele. Sidhani kwamba kipindi kingine kwenye ratiba kitaponya jambo hili. Ninachopendekeza ni kidogo na hakigharimu shilingi. Mwalimu wa zamu ale chakula cha bwalo, katika bwalo, kutoka sufuria ile ile. Wanafunzi wapewe zamu za kupakua, wawili wawili, na anayepakua ajifunze kumtazama anayempakulia na kumwambia karibu. Na kama sufuria haitoshi, aambiwe ukweli kwa maneno ya kiungwana. Mwalimu mkuu atakayesema kwamba hakuna muda wa adabu katika dakika arubaini, na aongeze dakika kumi. Zimepotezwa nyingi zaidi kwenye gwaride.

Kuna watakaosema kwamba nimelikuza jambo dogo, na kwamba mwenye njaa anataka chakula, si tabasamu. Nimelisikia hilo katika chumba cha walimu, kinywa cha msemaji kikiwa kimejaa chapati. Namjibu kwa pojo zile zilizobaki mezani. Zilikuwa zimepikwa vizuri, na zililipiwa kwa sarafu zilizohesabiwa mara mbili, na mtoto aliondoka na njaa hadi Mutha, mwendo ambao kwa gari bovu hula mchana wote. Kuchelewa na dharau vilimnyima chakula kama vile ambavyo ukame ungemnyima.

Kwa akina mama wa banda lile nina neno fupi zaidi, na naomba wasilione kuwa ni ujuvi. Wakichanga kidogo kila mmoja, wanaweza kumwajiri mhudumu wa tatu siku za soko na siku za kufunga shule. Ubao na chaki vingewaambia wateja ni sufuria ipi imekwisha kuiva. Jagi la maji ya kunawa lipite kwa kila mtu au lisipite kwa yeyote. Na lile neno tu, Mwaitu, liache kwa wanaopika kitu kisicholingana na muthokoi wako.

Maadamu nimewakosoa wengine nikaona si haki nisianze na nafsi yangu. Juma la kwanza la muhula nilichukua sahani, nikaingia bwaloni kwetu saa saba, nikasimama mwisho wa foleni. Palikuwa na minong'ono. Mvulana mmoja alitaka kunipisha, nikakataa. Wa pili naye akataka kunipisha, nikakataa tena. Foleni ilisogea kwa muda wa dakika kumi na tisa. Nilipofika dirishani mpishi aliinama, akachungulia uso wangu kupitia mvuke, akauliza kama mwalimu mkuu amenituma kukagua. Nikamwambia la, nimekuja kula. Alicheka sana. Kisha akasema, "Karibu, mwalimu," akauzamisha upawa hadi chini kabisa ya sufuria, kuliko na maharagwe, akanijazia sahani hadi ukingoni. Niligeuka kutafuta pa kuketi. Nyuma yangu walikuwa wamesalia wavulana wawili, na nilisikia upawa ukigonga ubavu wa sufuria, na sauti ya maji yakimiminwa.